Kengele ya Bi Mdogo

Garsen, Jumatatu, 6 Mei 1957

Kwa Bi Mwanamize binti Shee, Kipini
Kwa mkono wa Komora, mwenye mtumbwi

Mama Nuria,

Zipokee salamu zangu, hata kama mwenye salamu humtaki. Desturi inanitaka niseme kwamba mimi ni mzima na hofu ni juu yako. Leo nitaigeuza kidogo. Wewe naamini u mzima, maana hasira inakuhifadhi vizuri kuliko achari. Hofu yote iko juu yangu.

Niko Garsen. Nimetoka Tanga baada ya Idi juu ya pikipiki, mimi na tumbo langu hili la mpika halua, nikavuka mpaka Lungalunga, nikapita Mombasa, nikapita Malindi. Kila mahali watu walisimama kunitazama. Nikadhani wananiona shujaa, mpaka mama mmoja muuza samaki akaniuliza hivi kati yangu na hilo dude nani anambeba mwenzake.

Nimekuja kukurejea. Najua nilichokifanya. Uliniambia nichague, wewe au Bi Mdogo, kama mlivyoibatiza pikipiki yangu wewe na jirani zako wote wenye midomo. Badala ya kuchagua nikatoka nimevimba kama andazi, nikaenda barazani kwenye kahawa, nikatamka talaka mbele ya watu. Wewe uko nyumbani unachambua mchele wangu. Ukaambiwa na jirani. Niliporudi nikakuta mchele umechambuliwa wote, umefunikwa kawa, na wewe hupo.

Talaka ni moja, inarejeka, mradi eda, zile siku za mke kungoja, isiwe imekwisha. Ndiyo maana nimekimbia. Na nimekimbia mpaka nikagonga mti.

Mti wenyewe umelazwa kuikata njia inayoshuka kwenye feri. Anaulinda askari mmoja, Kahindi, mtu wa makamo, mpole kama kaniki iliyofuliwa.

"Pikipiki ya wapi, mzee?"

"Ya Tanga."

"Tanga ni Tanganyika. Hapa ni Kenya."

Nikamwambia njiani sikuona mahali ardhi ilipobadilika rangi. Akacheka, lakini mti hakuuinua. Amri ni hii: mto umejaa, feri imefungwa, na njia ya ng'ambo, ya kwenda Witu na huko kwenu, haipitwi na chombo chochote chenye mota mpaka ikauke. Tena pikipiki yenye namba za kigeni haivuki mto huu bila kibali cha Bwana DC, naye yuko safarini juu ya mto, hakuna ajuaye atarudi lini.

"Nikikipata kibali?" nikamuuliza.

"Utangoja njia ikauke."

"Ikikauka kabla ya kibali?"

"Utangoja kibali."

Nikamuuliza kati yetu yupi mjinga. Akasema serikali haijamwarifu.

Mama Nuria, nakuomba usifunge mlango. Ninakuja. Kwa Komora nimekuwekea kipande cha halua, ile ya iliki nyingi, ufungulie kinywa ukishafungua barua.

Mimi, niliyekosa,
Athmani bin Salim


Kipini, Ijumaa, 10 Mei 1957

Kwa Bwana Athmani bin Salim, Garsen

Barua imefika. Halua haikufika, ila Komora alikuwa na mafuta midomoni.

Umenieleza habari za tumbo lako, za mama muuza samaki, za mti na za askari. Nimezisoma zote. Nilipofika mwisho nikarudi mwanzo kutafuta mahali uliponiuliza hali yangu, nikakuta umeniambia wewe mwenyewe kwamba mimi ni mzima. Haya, ahsante kwa kunijulisha.

Mambo ya eda yangu usiyaulize. Hesabu hiyo Mungu amemwamini mwanamke, hakumwamini mpika halua.

Ndugu yangu Famau anakusalimu. Mimi nimeandika tu kwa kuwa si adabu barua kukosa jibu.

Nina swali moja. Safari ya kunifuata mimi, mbona umekuja na yeye?

Mwanamize binti Shee


Garsen, Jumanne, 14 Mei 1957

Mama Nuria,

Umeniita Bwana Athmani. Miaka ishirini na zaidi sijaitwa hivyo na wewe, hata siku ile niliyounguza jamvi la mama yako. Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nikaketi, halafu nikamwomba Kahindi anisomee labda yeye ataiona vingine. Akasoma, akanirudishia, akasema, "Mzee, pole."

Unauliza mbona nimekuja na pikipiki. Nilitaka uione siku hii moja inafanya kazi ya maana. Nilikuwa nimeshaiota picha yake: nafika Kipini mchana kweupe, watoto wanakimbia nyuma, wewe unatoka mlangoni, unapanda, turudi kwetu. Nimeishonea hata mto wa sufi wa kukalia. Huo ndio ujinga wangu, nimeukunjua wote, utazame pindo zake.

Sasa sikia yaliyonipata, maana huku sheria si ya serikali peke yake.

Ziko njia ambazo ng'ombe hushukia kunywa mtoni. Waorma wenyewe wanaziita malka. Ng'ombe wakiwa malka, mtu hapiti mbele yao, hafui, hapigi kelele. Kila mtu Garsen anajua, hata mbuzi. Mimi Jumamosi nimechoka kuutazama ule mti, nikasema nifuate ukingo, nitafute mahali mto mwembamba. Nikaiwasha Bi Mdogo, nikateremka kwa mbwembwe, na kumbe nateremka malka, na mbele yangu ng'ombe wa mzee Godana wanashuka kunywa.

Sikuwahi kuona mgongo wa ng'ombe ukiwa juu ya kichwa cha ng'ombe mwingine. Waliruka, wakaingia maji ya mafuriko. Wengi walitoka. Mtamba mmoja mwenye mimba alichukuliwa na mto mbele ya macho yetu, pua tu iko juu, na Godana anakimbia ukingoni anamwita kwa jina kama mtu anavyomwita binti yake. Alipatikana chini huko, karibu na Ngao, amekwama kwenye migomba, hai. Mpaka alipopatikana mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye kinyesi nasoma kila sura niijuayo, na nagundua kwamba nazijua chache.

Wazee wao wakakaa. Nikadhani nitafukuzwa. Godana akasimama, mrefu kama mlingoti, akasema kwa Kiswahili chake: "Ng'ombe ikipiga watu pembe, sisi hapana ua. Navalisha yeye kengele. Hii ng'ombe yako ya chuma pia navaa."

Basi Bi Mdogo amevishwa kengele ya mti shingoni, kubwa kama kata ya maji, na kuwashwa hakuruhusiwi popote baina ya mto na maduka. Nikitaka kuisogeza naisukuma kwa mikono, inalia ko, ko, ko. Bi Qabale, mke wa Godana, anauza maziwa pale madukani. Kila nikipita anawaambia wenzake: "Mzee ya Tanga napeleka ng'ombe yake malishoni. Leo takamua ngapi?"

Cheka. Najua umecheka. Mimi zamani ningecheka nawe. Lakini kila nikisikia ile ko, naona kama ni siku zako zinakatika, na mimi niko hapa upande usiofaa wa mto, na hata kuziuliza umenikataza. Mwanamize, niambie tu kama zimebaki. Usiniambie ngapi. Sema zimebaki.

Athmani


Kipini, Jumamosi, 18 Mei 1957

Kwa Athmani,

Nimecheka, sitaficha. Famau alidhani nimepandwa na shetani, akaja na ubani.

Halafu nikalia kidogo kwa ajili ya yule mtamba. Mwambie Bi Qabale nimefurahi kapona.

Huku mto unapita mlangoni mwetu umebeba vitu vya watu. Jana tuliona migomba mizima na ndizi zake, na kuku mmoja juu ya paa la banda, ametulia kama abiria aliyelipa. Vyote vimetoka huko kwenu juu, na vyote vimefika.

Nakuarifu jambo usije ukalisikia kwa watu kama nilivyosikia mimi langu. Yuko mfanyabiashara wa Witu, mjane, mtu wa heshima zake, ana duka na hana pikipiki. Ametuma watu kwa Famau. Famau amewaambia wangoje jibu langu. Mimi bado sijalitoa.

Komora huyu ni mtu mwema, hamalizi maneno yake mara moja. Nikimuuliza habari zako hutazama maji. Amenambia tu kwamba safari hii alikuja peke yake na magunia yake ya mpunga, na mtumbwi ulikuwa mwepesi.

Mwanamize


Garsen, Jumatano, 22 Mei 1957

Mwanamize wangu, nikuite hivyo kabla haijawa haramu,

Mfanyabiashara wa Witu! Nimelala na jina hilo, na hata jina lenyewe hukunitajia, kwa hiyo nimelala na duka zima. Nimempa sura. Nimempa ndevu nzuri. Nimempa mwili mwembamba. Namchukia.

Jibu la Bwana DC limekuja. Karani amenisomea: kibali hakitatolewa mpaka njia ipitike, na njia haitarajiwi kupitika kabla ya Julai. Nikamwambia karani Julai nitakuwa nimeshakufa. Akaniuliza kama nina ndugu wa kumwarifu.

Basi nikafanya nililolifanya. Nilimwambia Kahindi naipeleka pikipiki kuiosha. Nikaishusha njia ya Ngao, maana nimesikia huko chini wako watu wenye chelezo za kuvushia mizigo. Kengele ilikuwa inanisaliti, ko, ko, ko. Nikaiziba. Unajua nilivyoiziba? Kwa halua yako. Ile iliyobaki, niliyoibana kwenye kikapu tangu Tanga nikikataa hata kuilamba. Niliisokomeza yote ndani ya kengele mpaka ikanyamaza kimya.

Sikufika mbali. Tope jeusi la huku halina mwisho. Pikipiki ilizama, nikashuka kuisukuma nikazama na mimi, mpaka kiunoni, na kila nikijitahidi nazidi. Nikaita. Hakuna mtu. Jua likapanda. Siafu wakaifuata halua, na baada ya halua wakanifuata mimi. Mwanamize, nilikaa mle nikawaza kwamba hivi ndivyo nitakavyopatikana: mzee mnene amekumbatia pikipiki, wote wawili wananata sukari. Nikalia kwa sauti. Sikulilia kufa. Nililia kwamba wewe utaambiwa na jirani, mara ya pili.

Alinikuta Godana. Ng'ombe zake ndizo zilizonifikia, zikashtuka, yeye akaja kutazama. Wakanivuta kwa kamba ile ya kufungia fahali, mimi kwanza, halafu Bi Mdogo. Sijapata kuona mtu amekasirika hivyo. Alichokonoa halua kwenye kengele kwa kidole, akainusa, akaitupa.

"Kwa nini nafunga mdomo yake?"

Nikamwambia kengele ile inanitia aibu, watu wote wanajua nimekosa.

Akaniangalia kama mtu anayeangalia mvua isiyokuja. "Wewe mtu ya Tanga, wewe hapana jua kitu. Hii si ya aibu. Ng'ombe mbaya, ng'ombe nzuri, yote navaa. Kengele sisi navalisha ng'ombe napenda. Hii napotea sana. Ikipotea, mimi nasikia, nafuata." Kisha akasema, "Wewe leo karibu nakufa kwa sababu hapana sauti."

Nimeyabeba maneno hayo, yananilemea kuliko tope.

Jambo la mwisho. Mwalimu wa chuo cha Kurani hapa aliponiona nilivyo, barazani kwenye kahawa, alinionea huruma. Akaniambia, "Shekhe, unateseka bure. Rejea haina haja ya safari. Tamka hapa hapa, mimi na bwana huyu mashahidi, na mkeo ni mkeo. Hata yeye hana haja ya kujua leo." Nikafungua mdomo. Neno lilikuwa kwenye ulimi, tamu.

Nikaufunga. Talaka niliitamka mbele ya watu wanaokunywa kahawa, wewe hupo. Nikirejea mbele ya watu wanaokunywa kahawa, wewe hupo, nitakuwa nimekufanya nini? Mzigo: nimeutua, nimeubeba. Mwalimu akasema huo ni ukaidi, na kama siku zimekwisha nitajuta. Nimemwambia najua.

Kwa hiyo nimekwisha, Mama Nuria. Njia imefungwa, kibali hakuna, halua imeliwa na siafu, na ile njia moja iliyokuwa wazi nimeifunga mwenyewe. Kama utamjibu yule wa Witu, usiniandikie wewe. Mwache Famau.

Athmani


Kipini, Jumamosi, 25 Mei 1957

Baba Nuria,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na ile sehemu ya mwalimu wa chuo nimeisoma zaidi. Kama ungetamka pale, ningelikujua wewe ni yule yule. Hukutamka. Nimeliona hilo, nimeliweka mahali pake.

Sasa nijibu. Barua hii imefikaje?

Na ile ya kwanza? Na ya pili? Njia imefungwa, feri imefungwa, kibali hakuna. Mpunga umefika. Migomba imefika. Kuku amefika juu ya paa. Halua ingefika lau si Komora. Kila kitu cha Garsen kinafika Kipini isipokuwa mume wangu.

Safari hii nimemkalisha Komora jikoni, nikampa wali wa nazi na samaki wa kupaka mpaka akawa hawezi kuinuka, nikamuuliza tena. Akasema kila anaposukuma mtumbwi hukuita: "Mzee, nafasi iko, twende." Na kila mara wewe humjibu: "Na pikipiki nani ataitunza?" Akasema ulimtaka hata aunganishe mitumbwi miwili kwa kamba uipakie juu, akakwambia mamba wamezoea kula watu, chuma bado hawajajifunza.

Barua tatu umeniandikia, Athmani. Umeandika tope, na ng'ombe, na siafu. Mtumbwi hukuuandika hata mara moja, isipokuwa jina la mwenyewe juu ya bahasha.

Hakuna aliyekuzuia kuja. Amri ile ni ya pikipiki. Wewe ndiye uliyejitia ndani yake.

Komora anaondoka kesho. Akirudi hapa peke yake, nitampa Famau jibu la mtu wa Witu.

Mwanamize


Garsen, Alhamisi, 30 Mei 1957

Kahindi ndugu yangu,

Nimekuacha umelala chini ya kibanda chako, sikutaka kukuamsha. Pikipiki iko kwa Godana, imefunikwa ngozi. Mwambie mbuzi wasiachiwe kukila kiti, kina sufi. Ufunguo ameutia Bi Qabale kwenye kibuyu cha maziwa, amesema hakuna mwizi atakayeutafuta humo.

Siwezi kuogelea. Hilo sikumwambia mtu yeyote katika mji huu, wala mke wangu hajui mpaka leo, ingawa tumekaa pwani umri wetu wote. Mtumbwi wenyewe ukiutazama ni gogo lililochongwa kwa mtu mwembamba. Komora anasema nikikaa katikati na nisicheke tutafika. Nimemwambia kucheka hakuna hatari.

Nikizama, usimwache mke wangu aambiwe na jirani. Nenda wewe.

Athmani


Kipini, Jumanne, 4 Juni 1957

Kwa Kahindi, na umsomee mzee Godana

Sikuzama. Haya, umeshapumua.

Safari ilikuwa ndefu kuliko Tanga mpaka Garsen. Nililala chali kama gunia. Komora anapiga pondo, anaimba, anaacha kuimba, na kila akiacha mimi natoa shahada. Mahali fulani tulipita karibu na gogo, gogo likafumbua jicho. Komora akaniambia, "Mzee, pumua upande mmoja." Sijui hata sasa ni upande gani, lakini nilipumua huo.

Nilifika nimelowa, kilemba sina, miguu imekufa ganzi. Sikupumzika, nilikwenda mbio mpaka uani kwa Famau. Alikuwa amekaa na wazee wawili waliotoka msikitini, wanamenya mihogo. Mwanamize alikuwa ndani, niliona kivuli chake dirishani. Nikasimama mbele ya wote, nikapaza sauti, neno nililolibeba kutoka Tanga:

"Mwanamize binti Shee, nimekurejea!"

Kahindi ndugu yangu! Kisu cha muhogo kilisimama.

Halafu sauti yake ikatoka dirishani, taratibu tu, kama anaagiza chumvi: "Umechelewa, Baba Nuria. Eda yangu ilikwisha siku ile ile barua yako ya kwanza ilipofika."

Nilikaa chini. Sikuchagua pa kukaa. Barua zote zile, ndugu yangu, kibali, tope, siafu, nilikuwa nakimbiza gari lililokwisha kuondoka. Na hata lile neno la mwalimu wa chuo, lililonichoma nilipolimeza, lingekuwa upepo mtupu. Nikalia mbele ya wazee wa watu. Mmoja alinipa kipande cha muhogo, sijui kwa nini, nikakipokea.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekuja?" akasema. "Ungerudi Tanga, ukawaambie wenzako wa kahawa kwamba serikali ilikuzuia." Kisha sauti ikalainika kidogo, kidogo tu, usidhani nyingi. "Mume anayerejea hamuulizi mke. Anasema tu, na mimi nimerejewa, kama kikapu. Nilitaka siku moja katika umri wangu niulizwe. Sasa unaweza kuniuliza. Na mimi ninaweza kukataa."

Nikafungua mdomo nimwulize pale pale. Famau akanikatiza. "Shemeji, au sijui nikuiteje leo, posa haipigwi kelele uani. Hutumwa watu wazima, wasafi. Nenda kaoge."

Nimetuma watu. Komora ni mmoja, nimemwazimia kofia. Lakini mtu wa Witu naye ametuma wa kwake tena, jana, na wamekuja na kanzu za kupigwa pasi. Mwanamize ametusikiliza sote. Amesema atatoa jibu Ijumaa baada ya sala.

Nalala ukumbini msikitini. Sina halua, sina pikipiki, sina mke, sina haki yoyote juu yake kwa sheria ya Mungu wala ya DC. Mwambie Godana ile kengele yake nimeitafuta shingoni mwangu, sina. Kama nimepotea hapa, atanisikiaje?

Athmani


Kipini, Jumamosi, 8 Juni 1957

Kwa Askari Kahindi, penye mti wa Garsen
Kwa mkono wa Komora

Baada ya salamu na shukrani kwa uliyomtendea mgeni, nakuarifu kwamba pikipiki ile iliyo kwa mzee Godana, yenye namba za Tanganyika, si ya Athmani bin Salim tena. Jana baada ya sala ya Ijumaa amenipa kuwa mahari yangu, mbele ya ndugu yangu na watu wa msikitini. Mtu wa Witu alitaja vitu vingi. Nilipomwambia huyu ataje chake, hakuwa na kitu kingine, akaitaja hiyo pikipiki. Sauti ilimtoka kama anang'olewa jino. Ndipo nilipokubali.

Kwa hiyo tangu leo asipewe mtu pikipiki hiyo bila barua ya mkono wangu. Akija mzee mnene akasema ni yake, asipewe. Akilia, asipewe, analia upesi. Hiyo ndiyo amri, na ya kwangu haingoji Bwana DC arudi.

Njia ikikauka tutakuja sote wawili kuichukua, kwa mtumbwi, naye atakaa katikati. Amekiri hajui kuogelea. Hilo nimelijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu ya mwanzo, nikanyamaza. Nilipoambiwa amekuja ndani ya gogo la Komora, niliingia jikoni nikafunga mlango, na kilichofanyika humo hakikuhusu.

Mpaka tuipite malka ataisukuma. Tukishaipita nitapanda nyuma, kwenye huo mto wake wa sufi, nishike vizuri. Nikimwambia awashe, atawasha.

Bi Qabale namletea mikate ya sinia. Mzee Godana mwambie ile kengele asiivue. Huyu wangu hupotea sana.

Mwanamize binti Shee